Mume wa Kaya Mbili

Langoni, Amu
5 Mei 2025

Kwa Bi Hadia binti Jeilani, Kizingitini.

Assalamu alaikum, kwa kuwa kukusalimu ni sunna na kuitikia ni wajibu wako.

Ama baada ya salamu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sauti niliyokutumia kwa simu mwaka juzi ilisikizwa harusini Faza, na nimeambiwa mlirudia mara kadhaa pale nilipokohoa. Karatasi hii ukitaka kuisikizisha harusini itabidi uisome mwenyewe, nami nakuyua kusoma kwako.

Jana nilikwenda kuchukua dawa zangu za presha. Binti wa dirishani akatia nambari yangu, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kuuza samaki, "Mama, bima yako imefungwa. Mumeo ameandikwa kaya mbili." Nyuma yangu foleni nzima imesimama, na wa kwanza wao jirani yangu Swafiya, ambaye magoti yamezeeka lakini masikio bado.

Hadia, Mselem nimemwandika mimi katika bima yangu tangu uandikishaji ulipoanza. Mkuu wa kaya ni mimi kwa sababu nyumba ni yangu. Baba yangu alinipa nilipoolewa, kama mabinti wa Amu wanavyopewa. Mselem aliingia na sanduku la spana. Mchango ninalipa mimi. Wewe, mke wa pili, umemwandika kwa idhini ya nani?

Na kuna la zamu. Tulikubaliana, wiki yangu na wiki yako. Tangu kabla ya Ramadhani, katika wiki zangu, kila Jumatatu na Alhamisi Mselem haonekani mpaka asubuhi ya pili. Nikimuuliza, ananiambia kuna boti imekufa mashine Kizingitini. Ni boti gani hiyo inayokufa kwa ratiba? Siku hizo unaniibia, na sasa umeniibia na bima.

Mtoe mume wangu katika kaya yako upesi, nipate dawa zangu.

Rawiya binti Athman


Kizingitini
8 Mei 2025

Bi Rawiya,

Wa alaikumu salaam. Nimeitikia. Wajibu wangu umekwisha hapo.

Barua yako ameniletea Umi, mchuuzi wa kamba, ndani ya ndoo aliyorudishia wale waliokataliwa hotelini Shela. Imenuka, lakini si kama yaliyoandikwa ndani.

Mselem nimemwandika kwa idhini ya nikaha, ile ile iliyokupa wewe. Na mimi nyumba nilipewa na baba yangu. Usidhani huku tunalala juu ya magamba. Mkuu wa kaya ni mimi, mchango ninalipa kwa jasho la kukaanga samaki, na bima yangu nayo imefungwa. Kwa hiyo usilie peke yako kama mtoto wa kwanza.

Nimepiga simu ofisi ya bima. Afisa, mwanamke wa bara anayeitwa Kerubo, ameniambia jambo la ajabu. Kwa bima yangu mimi, yuko mwanamume anasafishwa damu hapo Amu, ugonjwa wa figo, tangu Februari. Jina anajiita Mselem. Mselem ninayemjua mimi hajalala hata kwa homa. Sasa niambie, Bi Rawiya, ni nani mmempa jina la mume wangu akatibiwe kwa jasho langu? Ni ndugu yako Abdulghafur? Wapita ndia wote wameona miguu yake ilivyovimba tangu Idi.

Na hayo ya Jumatatu na Alhamisi usiniletee. Wiki zangu mimi, siku hizo hizo, huambiwa ameitwa Shela kutengeneza jenereta ya hoteli. Nilikuwa nikidhani Shela ni jina ulilojipa wewe.

Mtoe wewe.

Hadia binti Jeilani


Langoni, Amu
11 Mei 2025

Hadia,

Miguu ya Abdulghafur imevimba kwa kukaa barazani na kusubiri aletewe chai. Figo zake nzima. Akili ndiyo ya kupelekwa hospitali, lakini hiyo bima hailipi.

Nami nimekwenda kwa huyo Kerubo, uso kwa uso, si kwa simu. Kanionyesha kwamba kwa bima yangu mimi, kuna mtu anadungwa sindano za kuongeza damu katika zahanati moja Faza. Sijakanyaga Faza tangu mliposikizishana kikohozi changu harusini. Wazee wako wangapi waliopungukiwa damu, Hadia? Ni ami yako yule wa kijicho kimoja, au mmekwenda kwa zamu?

Sasa sikiliza. Nadra, binti wa ami yangu, anafanya kazi mapokezi hospitalini. Ananiambia mwenye kutumia bima yako huja kila Jumatatu na Alhamisi, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, hasalimu mtu, anakwenda moja kwa moja chumba cha mashine za figo. Nadra hakumtilia maanani kwa sababu jina la kaya ni lako, na jina lako kwake si kitu.

Kesho ni Jumatatu. Ninakwenda na Nadra, na askari wa mlangoni nimeshamwonya. Nikimkamata mwizi wenu nitampiga picha, na hiyo nakuruhusu uionyeshe harusini.

Rawiya


Langoni
12 Mei 2025

Hadia,

Ni yeye.

Amelala kwenye kiti cha kuegemea, mirija miwili mkononi, damu yake yatoka na kurudi. Aliponiona alifumba macho, kama mtoto anayedhani akifumba haonekani. Nikamwambia, "Mselem, boti imekufa mashine?"

Sikupiga picha.

Rawiya


Kizingitini
15 Mei 2025

Bi Rawiya,

Amekuja huku Jumanne kwa kuwa ni wiki yangu. Nimemkalisha jikoni, nikafunga mlango, nikamwambia, "Sema, au nakuita mama yangu." Akasema yote.

Figo zimekufa zote mbili. Alijua Februari. Akinyanyuka kwenye ile mashine ameishiwa na nguvu, basi hulala karakanani kwake baina ya mashine za boti mpaka apate rangi, ndipo aende kwa yule ambaye ni zamu yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Niliogopa kila mmoja wenu ataniambia, nenda kwa mwenzio akakuuguze." Nikamwambia, huyo ni Rawiya, si mimi.

Na hizo bima, kumbe alizipanga. Huko Amu alitumia yangu, ili Nadra asilione jina lako akakimbia kukuambia. Huku Faza alitumia yako, kwa sababu Faza nzima wanalijua jina langu, na yeye hawamjui kwa sura. Wameona miguu yake tu ikitoka chini ya boti. Mtu huyu, miaka yote hajui shati lake la Ijumaa liko kisiwa gani, lakini hili alilipanga sawasawa.

Nakuambia na hili, maana silali bila kulisema. Figo hizo umeziua wewe. Papa wa chumvi, achari ya embe, na chumvi tena juu ya achari. Kila akirudi kutoka kwako alikuwa akinywa mtungi mzima wa maji.

Hadia


Ofisi ya Bima ya Afya
Lamu
20 Mei 2025

Kwa Bi Rawiya Athman (Langoni) na Bi Hadia Jeilani (Kizingitini)

KUHUSU: BW. MSELEM ABDULWAHID KUANDIKWA KATIKA KAYA MBILI

Nawaandikia barua moja kwa sababu kila nikizungumza na mmoja wenu, mwingine huniambia nimedanganywa.

Bw. Mselem ameandikwa kama mwenzi katika kaya zenu zote mbili. Kwa taratibu zetu mtu mmoja huhesabiwa katika kaya moja tu, na kaya moja ina nafasi ya mwenzi mmoja. Kwa kuandikwa mara mbili, sindano zake zililipiwa Amu, ambako zimo ndani ya malipo ya kusafishwa damu, kisha zikalipiwa tena Faza. Malipo hayo ya pili hayakustahili. Vituo tutazungumza navyo sisi. Fedha zile ni za wachangiaji wengine, na wengine wao ni wagonjwa kama yeye.

Sijasema kwamba nyinyi ni wezi. Bi Rawiya aliponiuliza hivyo mbele ya watu, nilijibu kwamba sijasema.

Bima zote mbili zitabaki zimefungwa hadi mmoja wenu amtoe. Sababu zinazokubalika ni tatu: kifo, talaka, au kutengana. Kwa talaka, leteni cheti kutoka kwa Kadhi. Kwa kutengana, leteni barua ya mzee wa mtaa. Bi Hadia aliuliza kwa simu kama ipo sababu ya "mke mwenza ndiye mwenye makosa." Haipo.

Hospitali imekubali kuendelea kumhudumia mgonjwa mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo, kama hana bima iliyo wazi, atalazimika kulipa mwenyewe kila anapokwenda. Daktari amenieleza kwamba akikosa wiki mbili mfululizo hatuna haja ya kuandikiana tena. Tafadhali msichelewe.

Kerubo Nyamweya
Afisa wa Uhakiki


Kizingitini
25 Mei 2025

Bi Rawiya,

Umesoma. Mwisho wa Juni.

Mtoe wewe. Andika "kutengana." Ni neno tu, Mungu anajua halina kitu ndani yake. Wewe umekaa naye umri mzima, umemzalia, binti yako ameolewa na ana watoto. Watu wa mtaa wako wakisikia mmetengana watasema wamechoshana, basi, watarudi kwenye chai yao.

Mimi siwezi. Nilikuwa sitaki kukuambia kwa sababu ya jicho lako, lakini umenilazimisha. Nina mimba, na imeshaonekana. Nikipeleka barua kwamba mimi na mume wangu tumetengana, na tumbo hili liko mbele yangu, kina mama wa huku watakaa chini wahesabu miezi kwa vidole. Huyu mtoto atazaliwa, atakua, siku moja ataambiwa, "Wewe mama yako aliandika serikalini kwamba hana mume." Nitamjibu nini?

Mselem ameambiwa yote haya. Yeye anasema, "Mtakaloamua." Tangu lini mwanamume huyu akasema mtakaloamua? Ameshakubali kufa, nami simkubalii.

Sikubembelezi. Andika.

Hadia


Langoni, Amu
1 Juni 2025

Hadia,

Mashaallah kwa mimba. Nimesema mashaallah kwa mdomo na nimeiandika, usije ukanisingizia jicho.

"Ni neno tu." Mimi mkono wangu haujaandika uongo kwa mtu, sembuse kwa serikali, ambayo haisahau na haina haya. Lakini nilijikaza. Nilijitanda nikaenda kwa mzee wa mtaa, Bwana Abdulqadir, nikamwambia nataka barua kwamba mimi na Mselem tumetengana.

Akaniambia, "Bi Rawiya, yana nimemuona Mselem barazani pako yuwala wali."

Nikamwambia, "Namlisha kwa kuwa ni mgonjwa."

"Mgonjwa hutiwa samli?"

"Bwana Abdulqadir, kazi yako ni barua au ni kuchungulia sahani za watu?"

Akasema barua yake ina muhuri, na muhuri hauendi juu ya jambo ambalo mtaa mzima umeliona likila wali. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, anacheka. Nikarudi.

Basi tumebakiwa na sababu mbili, na mojawapo Mselem anaifanyia kazi kwa bidii. Alhamisi alisafishwa, akarudi, akakaa ukumbini akaniambia, "Rawiya, tazama, mikono yangu haishiki spana." Nikamwambia asinisumbue, nina kazi. Sikuwa na kazi.

Usiniandikie mpaka nikuandikie. Na chumvi yangu iache. Mama yake ndiye aliyemzoeza, Mungu amrehemu, nikamkuta hivyo.

Rawiya


Langoni, Amu
13 Juni 2025

Hadia,

Jana nimeachwa.

Usipige kigelegele kwanza, soma mpaka mwisho.

Nilimwambia Mselem aniache. Akakataa. Nikamwambia kama hataki, sanduku lake la spana liko nje na watu wanapita. Akakataa na hilo. Nikamwambia, "Mselem, una wake wawili, mmoja ana mimba na mwingine ana akili. Nisikilize mimi mwenye akili." Akainama. Nikamwita Abdulghafur na Bwana Abdulqadir wawe mashahidi. Mselem akasema lile neno, lakini kwa sauti ya mtu anayenong'onezea mto wake wa kulalia. Nikamwambia, "Sema lisikike." Bwana Abdulqadir akaruka kama ameungua, "Msimwambie arudie! Akirudia hiyo ni ya pili!" Abdulghafur akasema yeye amelisikia, na huyo ndugu yangu hata adhana humpita. Basi ikawa moja, talaka rejea, na leo asubuhi Kadhi akatoa cheti.

Nikampelekea Kerubo. Akakisoma mara mbili, akamtoa Mselem katika kaya yangu mbele ya macho yangu. Jina lake lilikuwepo, kisha pakawa peupe. Akaniuliza, "Mama, nikuletee maji?" Nikamwambia sitaki maji, nataka bima yangu ifunguliwe. Ikafunguliwa. Na yako imefunguliwa. Kaulize.

Sasa sehemu yako. Niko edani miezi mitatu. Unajua sheria kama ninavyoijua: ndani ya eda ana haki ya kunirejea kwa neno moja, hata mimi nisipotaka. Akinirejea, cheti nilichompa Kerubo kitakuwa uongo, nami sitakaa na uongo. Nitakwenda mwenyewe kumwambia, wafunge tena. Kwa hiyo kazi yako ni kumzuia asitamke. Kila siku. Sijali kwa namna gani. Ulikuwa ukimtaka peke yako, basi unaye.

Hapa asije. Nguo zake nimempa Umi, ziko ndani ya gunia pamoja na barua hii.

Wala usidhani nimekufanyia wewe.

Rawiya


Kizingitini
9 Julai 2025

Bi Rawiya,

Kama ulitaka niadhibike, nimeadhibika.

Mume wetu, nimekosea, mume wangu, kila akiamka anataka kukurejea. Haoni mwanamume yeyote mlangoni bila kumwita awe shahidi. Ijumaa alitoka msikitini na kaka yangu Mahdi na jirani, wakakaa kula, nikamwona anajikohoza. Akaanza, "Shuhudieni kwamba mimi, Rawiya binti Athman nime..." Nikamtia mkate wa mofa mdomoni. Mofa nzima kavu, hata mchuzi sikuchovya. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na jirani akasema mke huyu ana wivu wa hatari. Waache waseme hivyo. Nikiwaambia ninazuia talaka isivunjike ili mume asife, wataniombea dua ya wendawazimu.

Siku zote nilijua kwamba siku ukiachwa nitapika biriani nigawe mtaa mzima. Sikupika. Si kwa ajili yako. Mimba hii haivumilii harufu ya vitunguu.

Bima yangu wamefungua, kweli. Hospitali wanampokea. Kerubo alinipigia akaniambia sasa yuko kaya moja, kila kitu ni safi. Mashine ni safi, ndiyo, lakini mashine iko Amu, nasi tuko huku. Tunavuka kwa boti ya mashine Jumatatu na Alhamisi. Kwenda si neno. Kurudi, ametoka kusafishwa, maji ya bahari yanampiga usoni, boti inaruka, mimi na tumbo langu nimemshika kwa nyuma kama gunia la nazi. Alhamisi iliyopita alianguka gatini. Nikasema basi tulale kule kule karakanani kwake. Tukalala. Petroli ilinilevya, asubuhi nikatapika juu ya mashine ya mtu.

Amu hatuna kwetu. Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Hadia


Langoni, Amu
16 Septemba 2025

Hadia,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa edani, na mimi edani sipokei habari za mwanamume, hata za kuanguka gatini.

Kwa Nadra nimesikia umejifungua hospitali hapa, mtoto wa kike, umemwita Rumaisa. Mashaallah, naandika tena. Uji wa pilipili manga niliokutumia wodini, Umi kaniambia uliumwaga. Nadra anasema uliunywa wote ukauliza kama uko mwingine. Nimechagua kumwamini Nadra, kwani Umi hata bei za kamba huziongezea chumvi.

Eda yangu imekwisha Ijumaa. Mselem sasa kwangu ni mwanamume wa mbali kama mwanamume yeyote apitaye. Hawezi kunirejea kwa neno, wala kwa maneno kumi. Angetaka, ni nikaha mpya, na nikaha mpya inataka ridhaa yangu. Kile cheti sasa hakuna wa kukiharibu, hata yeye.

Basi sikiliza, na usome pole pole.

Wewe na mtoto mtafikia kwangu. Chumba cha chini, kile kinachotazama kiwanda, ule ua wa ndani, nimekitoa vitu na kukipaka chokaa. Mgeni wangu ni wewe. Mselem ni mgeni wako, na adabu zake ni juu yako. Mimi nitakaa juu. Akitaka kupita kiwandani akohoe kwanza, nipate kujifunika. Akinisalimu, anisalimu kwa mbali na asiniite Rawiya. Kuna Bi mbele ya jina hilo sasa. Chakula cha mgonjwa napika mimi, na kabla hujasema neno, daktari ameniandikia cha kutia na cha kuacha.

Bima yako yeye yumo, mtoto umwandike wiki hii, usingoje. Mimi kwenye bima yangu niko peke yangu, na nitabaki hivyo.

Wala usiniite dada. Sikuzaliwa na mdogo wa kike na sasa sitaki kuanza. Ukilia mlangoni, nitafunga.

Boti ya Jumapili ina kivuli. Njoo na hiyo.

Rawiya


Langoni, Amu
20 Novemba 2025

Kwa Bi Kerubo Nyamweya, Afisa wa Uhakiki, Ofisi ya Bima ya Afya, Lamu.

Assalamu alaikum, ijapokuwa si dini yako, ni adabu.

Barua yako nimeipata. Unasema watu wako wawili walipita Langoni kuhakiki kaya, wakakuta nyumba moja ina wakuu wa kaya wawili, na ukumbini ameketi Bwana Mselem Abdulwahid, yule yule niliyemtoa Juni, anakunywa uji na mtoto yuko mapajani. Unaniuliza kama talaka yangu ilikuwa ya kweli au ilikuwa ya bima. Umeuliza kwa adabu, nami nakujibu kwa adabu, ingawa vijana wako walikanyaga mkeka wangu na viatu.

Nyumba ni moja kwa sababu ni yangu na nina haki ya kukaribisha. Kaya ni mbili. Hatuchangii pesa, hatuchangii kitanda, na Bi Hadia na mimi hata pasi ya nguo kila mmoja ana yake. Kila mmoja analipa mchango wake. Kwangu nimeandikwa mimi tu. Kwake ameandikwa yeye, mumewe na mwanawe. Hapana mtu aliyeandikwa mara mbili, wala sindano inayolipwa mara mbili. Ulisema fedha zile ni za wagonjwa wengine. Nimewaona kwenye vile viti siku ile hospitalini, na mmoja wao alinipisha nisimame karibu na Mselem.

Talaka ilikuwa ya kweli. Uliza mashahidi. Ukitaka ushahidi zaidi, njoo Jumatatu au Alhamisi alasiri, wanaporudi hospitali. Utamsikia akikohoa kiwandani kabla ya kupita, na utaniona mimi, kwenye ngazi ya nyumba ya baba yangu, nikijifunika mtandio uso kwa ajili ya mtu ambaye nilimvua viatu miaka yangu yote. Halafu atapita na ataniambia, "Masalkheri, Bi Rawiya," nami nitaitikia kutoka juu bila kumtazama. Hiyo haipo katika sababu zako tatu, lakini ndiyo gharama ya ile moja.

Wala sijuti. Yuko hai, anapita.

Kwa hiyo katika karatasi zenu, pale palipo na nafasi ya kueleza uhusiano wangu na mwanamume mliyemkuta ukumbini, waambie vijana wako waandike hivi: ni mume wa mgeni wangu.

Rawiya binti Athman
Mkuu wa Kaya